Selimundu na Malaria: Kinga ya Mzazi, Hatari ya Mtoto

Chembe nyekundu ya damu ya mtu mwenye afya ni ya mviringo na laini, hivyo hujipenyeza hata katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Huishi siku 120 hivi, ikisafirisha oksijeni kutoka mapafuni kwa msaada wa protini iitwayo himoglobini. Kwa mgonjwa wa selimundu, himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe hupinda mfano wa mundu wa kuvunia mpunga. Chembe za namna hiyo huziba mishipa, na hapo ndipo yanapotokea maumivu makali ya mifupa na uvimbe wa vidole kwa watoto wachanga. Tena huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 tu. Damu hupungua, macho huwa ya manjano. Hakuna mkono wa jirani katika jambo hilo.

Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Aliyerithi upande mmoja huitwa mbebaji, naye kwa kawaida ni mzima na huenda asijue kamwe. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa, na hesabu huanza upya kila mara: kuuguza mmoja hakuwalindi watatu wanaofuata. Mama anayelaumiwa peke yake na ukoo wa mumewe analaumiwa kinyume cha ushahidi wa damu yenyewe.

Kwa nini urithi huu umeenea Pwani? Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za wakazi wa nchi hiyo. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wabebaji walizidi mtu 1 kati ya 5. Nyanda za juu, penye malaria kidogo, hawakufika 1 kati ya 100. Mwaka 1954 alichapisha hitimisho lake kwamba ubebaji humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo si kamili, na mbebaji bado anahitaji chandarua.

Kwa mtoto mgonjwa mambo hugeuka: malaria huweza kumuua upesi, kwa kuwa damu yake ni chache tangu mwanzo. Wengu, kiungo kinachochuja vijidudu, nao huharibika mapema. Matumaini yapo. Dawa ya haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto 606 katika Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya. Matokeo yaliyotolewa Desemba 2018 yalionyesha kuwa vipindi vya maumivu na malaria vilipungua kwa takriban nusu, na vifo vikapungua pia. Hutolewa kwa uangalizi wa daktari, damu ikipimwa mara kwa mara.

Mkazi wa Soga anayetaka kujua hali yake, hasa kabla ya ndoa, aanzie zahanati. Pasipo kipimo huandikiwa rufaa, na hospitali ya rufaa ya mkoa ni Tumbi. Mtoto aliyethibitika kuwa na selimundu akipata homa, hata usiku wa manane, apelekwe kituoni saa hiyohiyo, na mhudumu aambiwe mlangoni: huyu ana selimundu.