Mapenzi ya Mungu na Kipimo cha Kangomba

Mkristo wa Mitwero akiomba aonyeshwe mapenzi ya Mungu, mara nyingi ana maswali mawili moyoni: nioe nani, na nihamie Dar es Salaam au nibaki Lindi? Ni maswali halali. Ila Biblia huanza na mambo ambayo hatukuyauliza, na imeyajibu waziwazi. Anza na hayo.

Chukua korosho. Kabla ya msimu mkulima hubanwa: ada inadaiwa, mgonjwa kalazwa. Anakuja mtu na fedha taslimu, anazinunua korosho zingali maua, kwa bei ya kutupa. Zikivunwa anazipima kwa bakuli lake, si kwa mizani. Hiyo ndiyo kangomba. Serikali imeipiga marufuku, na mwaka 2018, iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wauzaji walitakiwa wathibitishe kwamba wana mashamba. Wenye magunia mengi bila mkorosho hata mmoja walipata taabu kujieleza. Jumapili baadhi yetu tunaimba nao kwaya.

Sasa fungua Walawi 19:35-36, kisha Kumbukumbu la Torati 25:13-16, kisha Amosi 8:4-6. Soma fungu moja tu kwa siku, na usilifunge kabla hujajibu kwenye daftari: hili linagusa kitu gani nilichonacho mkononi wiki hii? Andika jina la kitu, si jina la dhambi. “Tamaa” haikusaidii; “bakuli la kupimia” linakusaidia. Amosi aliwakemea wauzaji waliopunguza kipimo. Kwetu mnunuzi ndiye anayekiongeza. Jirani yako Mwislamu, na hapa pwani ndio walio wengi, ameonywa vilevile katika Sura ya Al-Mutaffifin, kwa hiyo usidhani hakuoni.

Utaambiwa kangomba inamwokoa mwenye shida, kwa sababu malipo ya mnada wa korosho kupitia chama cha ushirika, AMCOS, huchelewa. Kuchelewa ni kweli. Lakini Kutoka 22:25-27 inakuonyesha namna ya kumkopesha maskini bila kumnyonya. Ukimkopesha jirani, andikeni shilingi, msiandike magunia. Apeleke korosho zake AMCOS, fedha ya mnada ikiingia akurudishie ulichompa. Kama hesabu hiyo haikuvutii, basi nia yako haikuwa msaada.

Kuhusu mambo ambayo hakuna andiko linaloyataja kwa jina, kama ndoa, kazi au kuhama, usingoje sauti. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka Lindi na watu waliokombolewa utumwani, akitokea Zanzibar, nia ikiwa kufika kwa Wayao ng'ambo ya Ruvuma. Walipofika Masasi safari ikaishia hapo, wakajenga, na misheni ikaota mahali ambapo hapakuwa kwenye mpango. Sehemu iliyokuwa wazi, yaani kuwarudisha watu bara wakiwa huru, waliifanya. Mahali pa kukaa walipajulia njiani. Wewe pia fanya ulichokwisha kuagizwa, kisha mwulize mtu anayeweza kukukatalia: mzee wa kanisa, shangazi, yeyote asiyepata chochote kwa jibu lako. Rafiki anayeitikia kila kitu mwache nyumbani.

Pagumu ni kwenye madeni ya nyuma. Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kutubu; alitaja kiwango cha kurudisha, mara nne. Kama ulinunua kwa kangomba msimu uliopita, lijaze bakuli lako korosho, uziweke kwenye mizani ya kweli, uone kilo ngapi zilizidi kwa kila kipimo, kisha uzidishe kwa idadi ya vipimo ulivyochukua. Kiasi hicho ni cha mwenye shamba. Mpelekee mwenyewe, bila mashahidi, na usikifanye ushuhuda wa ibadani. Huwezi kulipa kwa mkupuo? Mwambie utalipa lini, nawe utimize. Korosho huanza kuuzwa Oktoba. Lipa kabla hujanunua gunia jipya.