Kwa nini homoni mbili zimepungua pamoja?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 6 na mdogo wake ameshampita urefu. Vipimo vimeonyesha homoni ya ukuaji iko chini, na ile inayoamsha tezi ya thairoidi pia. Zimepunguaje zote mbili? Mama K., Buguruni

JIBU: Marahaba, mama. Zote hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo. Seli zake zina jeni zilezile. Tofauti ni jeni zipi zimewashwa. Huwashwa na protini zinazoshika DNA, na mojawapo, PIT-1, ilitambuliwa mwaka 1988. Ikikosekana, aina tatu za seli hazikomai: za homoni ya ukuaji, za prolaktini na za kuamsha thairoidi. Basi jeni moja ikiharibika, homoni tatu hupungua. Protini nyingine, PROP1, hutangulia na kuiamsha PIT-1. Hitilafu yake hugusa hata homoni za balehe, na homoni ya kotisoli huweza kushuka miaka mingi baadaye.

Sisemi mwanao ana tatizo hilo. Uvimbe karibu na tezi huleta dalili kama hizo, kwa hiyo picha ya MRI ni muhimu. Omba rufaa kwa daktari wa homoni za watoto, Muhimbili. Na tafadhali sana: kotisoli ipimwe kabla hajaanza vidonge vya thairoidi. Kama iko chini, vidonge hivyo vikitangulia vinaweza kuhatarisha maisha yake.