Kivuli cha Bati na Kivuli cha Mwembe

Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu joto la mnururisho majumbani

Pita kituo cha daladala jijini Dar es Salaam mwezi wa pili, saa nane mchana. Mara nyingi utakuta kibanda cha bati kina nafasi tele, na abiria wamejibanza chini ya mwembe ulio hatua ishirini kutoka hapo. Kibanda kina benchi, mwembe hauna. Kivuli kipo kote kuwili, upepo ni uleule, na ukitundika kipimajoto huku na kule, joto la hewa halitapishana sana. Basi watu wanakimbia nini?

Wanakimbia bati lenyewe. Jua limelipiga tangu asubuhi hadi likafika nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi, nalo linarusha joto chini kama jiko lililoangikwa juu ya vichwa. Majani ya mwembe hupoteza maji kidogo kidogo na kujipoza, kwa hiyo hayapati moto wa namna hiyo.

Kijitabu hiki kinahusu joto hilo lisilobebwa na hewa. Tumekiandika kwa ajili ya mwenye nyumba, mpangaji, na mwalimu mwenye darasa la bati, kwa sababu inatuuma kuona familia ikinunua feni ya pili na ya tatu wakati joto linatoka kwenye paa.

Joto lisilo na mbebaji

Joto lina njia tatu za kusafiri. Mwiko wa chuma ulioachwa ndani ya sufuria huchoma mkono kwa sababu joto limepita ndani ya chuma. Huo ni mpitisho. Maji yanayochemka hupanda na kushuka yakibeba joto. Huo ni msafara. Njia ya tatu, mnururisho, haihitaji chuma, maji wala hewa. Kitu chenye joto hutoa mionzi, mionzi hukimbia kwa kasi ya mwanga, na kitu kinachoipokea hupata moto. Ndivyo joto la jua linavyotufikia kupitia kilomita milioni 150 za anga tupu kwa dakika nane na kidogo. Mionzi inayotolewa na bati, ukuta au mwili wa mtu haionekani kwa macho. Huitwa infraredi, na aliyeigundua mwaka 1800 ni William Herschel, huko Uingereza: aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, na kipimajoto kikapanda.

Mpishi wa pwani anaijua mionzi hii bila prizimu. Wali ukikaribia kuiva, hupunguza moto chini na kuweka makaa juu ya mfuniko. Anapalia. Hewa ya moto kawaida yake ni kupanda, haishuki. Lakini wali wa juu hukauka na kuiva vizuri kwa sababu mfuniko uliopata moto unarusha joto chini. Nyumba ya bati isiyo na dari ni chungu kilichopaliwa. Ukifungua madirisha, hewa ya moto hutoka, na hilo ni jema, ila makaa bado yako juu ya mfuniko.

Ukitaka kuthibitisha, simama chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana na ushike kipande cha boksi juu ya kichwa, kiasi cha kufunika utosi na mabega. Utapata nafuu papo hapo, kabla hewa ya chumbani haijabadilika hata kidogo. Kiondoe, na joto linarudi kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri.

Mionzi hii huongezeka haraka kuliko tunavyodhani. Josef Stefan, mwanafizikia wa Vienna, alionyesha mwaka 1879 kwamba hufuata kipeo cha nne cha joto linalopimwa kwa kelvini. Muuza mishkaki akipepea makaa yakapanda kutoka nyuzi 600 hadi 900, mionzi yake huwa zaidi ya mara tatu. Kwa bati la kutu lenye nyuzi 60, kila mita ya mraba hurusha karibu wati 600. Dari yenye nyuzi 35 hurusha kama wati 460. Chukua sasa chumba cha futi kumi kwa kumi: tofauti ya paa na dari inazidi wati 1,000. Hiyo ni sawa na pasi ya umeme inayowaka mchana kutwa juu ya familia.

Rangi nyeupe

Wengi huamini bati jipya linalong'aa ndilo baridi zaidi. Si hivyo. Linarudisha sehemu ya mwanga wa jua, ni kweli, lakini kile kidogo linachokipokea haliwezi kukitoa kwa urahisi. Vitu vya chuma vinavyong'aa ni wachoyo wa mionzi. Chai iliyo ndani ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu ikang'aa hukawia kupoa kuliko iliyo ndani ya sufuria yenye masizi. Rangi nyeupe ina sifa zote mbili tunazozihitaji: hurudisha mwanga mwingi wa jua, na joto lake yenyewe hulitoa upesi kuelekea angani. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walipaka kuta zao chokaa nyeupe, na kuta hizo zinalipa hadi leo.

Kwa bati tumia rangi ya mapaa. Chokaa iache kwenye kuta na mapaa ya zege. Bati jipya lina mafuta ya kiwandani, kwa hiyo lioshwe kwa sabuni, likauke, lipakwe praima kwanza, la sivyo rangi itabanduka. Na kama unakinga maji ya mvua kutoka paani, hapa tunasisitiza: nunua rangi isiyo na madini ya risasi na inayofaa kwa paa la kukingia maji, kisha uache mvua za kwanza zioshe paa kabla ya kurudisha bomba kwenye tangi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto.

Dari

Aliyewahi kuvunja chupa ya chai ameona vile vipande vyembamba vya kioo vinavyong'aa kama fedha. Mng'ao ule una kazi. James Dewar alipobuni chupa ya namna hiyo mwaka 1892, aliondoa hewa katikati ya kuta mbili ili kuzuia mpitisho na msafara. Fedha huzuia mnururisho.

Paa lako linaweza kufanyiwa jambo linalofanana na hilo. Karatasi ya alumini ya kuezekea ikitandazwa chini ya bati, ikiacha nafasi ya hewa ya vidole vitatu hivi, hupunguza sana mionzi. Ikigusana na bati faida yake hupungua, maana joto litapita kwa mpitisho. Upande unaong'aa uelekee chini, vumbi lisije likautia upofu. Asiyemudu karatasi hiyo anaweza kuweka dari ya siling bodi au ya mbao nyembamba. Mikeka na maboksi pia hukinga mionzi, lakini hushika moto upesi. Visiwekwe juu ya jiko wala karibu na nyaya za umeme.

Ukuta wa magharibi nao haujasahauliwa. Tofali la saruji hupokea jua la jioni na kulirusha ndani hadi usiku. Kisogeze kitanda mbali nao, na panda mti upande ule.

Kwa wakazi wa nyanda za juu

Huko Makete, Njombe au Limuru, bati hufanya kinyume. Usiku usio na mawingu, bati hurusha joto lake angani hadi likawa baridi kuliko hewa, na mvuke wa pumzi zenu hugeuka matone yanayodondokea blanketi. Dari ileile inayomkinga mtu wa pwani na joto humkinga mtu wa Makete na baridi.

Nyumba isiyo na dari ndiyo inayomshawishi mama kuingiza jiko la mkaa chumbani. Mionzi ya mkaa ni mitamu usoni na miguuni, lakini makaa yaleyale, hata yasipotoa moshi, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama yamebaki makaa mawili chini ya majivu.