Barua Pepe Uliyofunguliwa Saiba: Nani Mwingine Anajua Neno Lake la Siri?

Unakumbuka siku ulipopata barua pepe yako ya kwanza? Kwa wengi wetu ilikuwa saiba, tulipoenda kutafuta PIN ya KRA au cheti cha mwenendo mwema. Kijana wa pale akauliza majina, akaandika haraka haraka, akakupa karatasi: barua pepe hii hapa, neno la siri ndilo hili. Ukalipa, ukaenda zako.

Huenda hakuwa na nia mbaya. Lakini neno hilo alilichagua yeye, na mara nyingi ni jina lako na 123, au nambari yako ya simu. Kama hujalibadilisha mpaka leo, hiyo si siri tena.

Kwa nini tuanze na barua pepe?

Ukisahau neno la siri la Facebook, unabonyeza "Umesahau neno la siri?" na kiungo cha kuweka jipya kinatumwa kwa barua pepe yako. Akaunti nyingi hufanya hivyo. Kwa hivyo, anayeingia kwenye barua pepe yako anaweza kuingia kwingine pia, hata kama huko uliweka neno gumu namna gani. Kisha anaandikia marafiki zako kwa jina lako: "Niko hospitali, nitumie 5,000, nitarudisha jioni." Wanatuma kwa sababu wanakuamini wewe. Pesa ikishatumwa hivyo, kuipata tena ni kazi ngumu.

Fanya haya leo

1. Badilisha neno la siri la barua pepe. Tumia simu yako mwenyewe. Fungua mipangilio ya akaunti, nenda sehemu ya usalama.

2. Angalia nambari ya kurejesha akaunti. Ukiwa hapo hapo, hakikisha nambari ya simu na barua pepe ya pili ni zako, si za mtu wa saiba wala laini uliyoacha kutumia. Laini iliyoachwa inaweza kupewa mtu mwingine. Pia ondoa kompyuta au simu yoyote usiyoijua.

3. Chagua neno refu. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, mfano sufuria-ngamia-tikiti-kiraka. (Huu ni mfano tu, usiutumie!) Ni rahisi kukumbuka, na ni vigumu kukisia kuliko Wanjiku123.

4. Kila akaunti na neno lake. Ukitumia moja kote, likivuja mahali pamoja, yamevuja yote. Ukishindwa kuyakumbuka, yaandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Usiyaweke kwenye ujumbe wa simu.

5. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo mtu akijua neno lako la siri, bado atahitaji nambari inayotumwa kwa simu yako. Nambari hiyo usimsomee yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Na PIN ya pesa je?

PIN ya tarakimu 4 ina uwezekano 10,000, kwa hivyo inaonekana salama. Lakini ukiweka mwaka wako wa kuzaliwa, tapeli habahatishi tena: mwaka huo uko kwenye kitambulisho, na nakala za kitambulisho chako umeziacha sehemu nyingi, saiba ikiwemo. Chagua tarakimu zisizo kwenye hati zako, usizitumie kwingine, na usiziandike popote, hata kwenye lile daftari.

Ukirudi saiba

Bado utaenda, na si vibaya. Lakini neno la siri andika mwenyewe. Kompyuta ikiuliza kama ihifadhi, kataa. Ukimaliza, usifunge tu ukurasa; ondoka kwenye akaunti kwanza.

Na kama mzazi wako alifunguliwa barua pepe hivyo hivyo, wikendi hii kaa naye dakika kumi mrekebishe. Mwachie achague neno mwenyewe, wewe ukiangalia kando.