Daftari la Zamu katika Ghala la Kompyuta

Mwalimu wa zamu aandikaye kila kikohozi humaliza daftari kabla ya Ijumaa. Asiyeandika lolote hawezi kueleza dirisha lilivunjwa lini. Tuanze na mfano huu tunapofundisha kumbukumbu za Ceph, programu inayounganisha diski za kompyuta nyingi ziwe ghala moja.

Kila diski ina msimamizi wake, naye huandika daftari lake. Wingi wa maandishi hupangwa kwa namba, tangu 0 hadi 20. Kwa kawaida msimamizi hupewa 1/5: namba ya kwanza yahusu yaandikwayo katika faili, ya pili, yale yashikwayo kwa muda tu, ambayo hutolewa msimamizi anapoanguka.

Kosa litokeapo, tufuate hatua hizi:

1. Tulinganishe saa za kompyuta zote. Bila hivyo hatutajua tukio lipi lilitangulia.
2. Tupandishe namba ya msimamizi anayeshukiwa peke yake.
3. Tungoje kosa lirudi, kisha tusome.
4. Turudishe namba ya awali.

Hatua ya nne husahauliwa mno. Maandishi mengi yaweza kupita gigabaiti 1 kwa saa. Diski ya mfumo ikijaa, kompyuta husimama, na mtafuta kosa huwa amezua kosa jingine.

Zoezi: Vikundi vinne viandike daftari la tukio moja, kimoja kikitumia saa iliyochelewa dakika kumi. Darasa likitambue kikundi hicho kwa kusoma madaftari tu.