Gari Nalo Lina Bei ya Kulala

Mpigie simu mhudumu wa gesti yoyote ya Dar es Salaam umuulize kama wana maegesho. Atakujibu, "Yapo." Hajakudanganya. Yapo barabarani, mbele ya duka la jirani, karibu na jalala, mahali ambapo usiku kucha hakuna anayejua gari lako ni la nani. Swali la maana ni jingine, na uliulize kwa maneno haya: "Dada, gari linalala ndani ya geti?" Akisita, au akianza kukueleza habari za mlinzi wa mtaa, umeshajibiwa.

Wasafiri wengi tunaokuja Dar na gari letu tunapiga hesabu ya chumba peke yake. Tunamaliza siku nzima kutafuta kitanda kilichopungua shilingi elfu tano, halafu gari linazila zile elfu tano kabla jua halijazama. Tuchukulie, kwa mfano tu, umepata chumba Kariakoo kwa 40,000 na kingine Kibamba kwa 35,000. Cha Kariakoo kinavutia kwa sababu uko mjini. Lakini gari litakaa mtaani, na mchana ushuru wa maegesho ya barabarani unahesabiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Usiku kijana aliyekuelekeza jinsi ya kurudi nyuma atataka chake. Na gari lenyewe halitakufaa kitu, maana likitoka tu, nafasi imekwenda. Ukirudi utazunguka Msimbazi, Lumumba na Uhuru mpaka uchoke. Matokeo yake unatembea kwa miguu au bajaji, huku gari unalilipia kusimama. Wafanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka na Comoro wanaokuja kufunga mzigo hulala palepale Kariakoo, na kwao ni busara. Wao hawana gari, wana mabegi.

Ushauri wangu ni huu: lala pembeni mwa jiji, kwenye barabara ileile uliyoingilia, liache gari uani, uingie mjini kwa usafiri wa umma. Ukichagua upande usio wako, utavuka jiji zima mara mbili kwenye foleni, na mafuta yatakula kile ulichookoa.

Anayetoka Morogoro, Dodoma, Iringa au Mbeya amebarikiwa kuliko wengine. Barabara ya Morogoro ina gesti na lojingi kuanzia Kibaha, kupitia Kiluvya, Kibamba na Mbezi, hadi Kimara. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa kuwa njia nane, kwa hiyo kufika hapo si shughuli. Shughuli huanza ukiamua kuendelea mbele na gari. Viwanja vya huko bado ni vipana. Aliyejenga lojingi Kibamba ameacha ua wa magari kumi. Aliyejenga Manzese ameacha nafasi ya pikipiki.

Hapa kuna historia kidogo inayosaidia kuchagua. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yaliishia Ubungo, ndiyo maana Shekilango, Sinza na Manzese zimejaa nyumba za kulala wageni. Abiria wa basi hakuhitaji maegesho, basi hawakumjengea. Februari 2021 Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilizinduliwa Mbezi Luis, na biashara ya wageni ikawafuata abiria huko. Gesti za Sinza bado zipo na bei zake si mbaya, ila kuwa na macho. Ukiona ubao wa mapokezi una bei mbili, ya kulala na ya kupumzika, jua kwamba magari yataingia na kutoka usiku kucha na geti halitafungwa kwa utulivu. Sihukumu mtu. Nazungumzia geti tu.

Kutoka Mbezi au Kibamba unashuka kwa daladala au bajaji hadi Kimara, na Kimara unapanda basi la mwendokasi hadi Gerezani, Morocco au Kivukoni. Mabasi hayo yalianza kazi mwaka 2016 na yana njia yake, hayakai na sisi kwenye foleni. Tatizo lake linajulikana: asubuhi kusukumana ni kwingi na mabasi hayatoshi. Uliza mapokezi hali ikoje wiki hiyo. Ukitoka kuanzia saa tatu na nusu, wafanyakazi wameshapita, utapata hata kiti.

Wanaotoka Tanga, Moshi na Arusha wengi huenda moja kwa moja Chalinze kwa mazoea. Wakikata kona Msata na kushika lami ya Bagamoyo, wanaingia jijini kwa Bunju, Boko na Tegeta, ambako nako kuna nyumba za bei nafuu zenye nyua, hasa ukiingia ndani kidogo kutoka barabarani. Kidogo tu. Vichochoro vya Bunju na Goba vina mashimo ambayo Toyota IST itayapanda ikilia. Uliza lami inaishia wapi na mlimani kukoje mvua ikinyesha.

Wa Lindi na Mtwara wana Kongowe na Mbagala. Wana pia Kigamboni, na hii ni siri ambayo wenyeji hawaisemi sana. Kutoka Kongowe unaweza kushika barabara ya Kibada na Mji Mwema ukafika Kigamboni bila kugusa mjini wala Daraja la Nyerere, ambalo tangu lifunguliwe mwaka 2016 linatoza gari. Ukishalala Kigamboni, gari libaki hukohuko. Wewe panda pantoni kwa miguu. Kwa miaka mingi nauli ya mtu mmoja imekuwa shilingi 200, na ukishuka upande wa pili uko Kivukoni, soko la samaki liko jirani na Posta si mbali.

Wa ndege nao watafute Kipawa, Ukonga au Gongo la Mboto, Barabara ya Nyerere. Maegesho ya uwanjani hutozwa kwa muda na yamewekwa kwa ajili ya mtu anayempokea mgeni na kuondoka. Ukienda Mwanza siku nne, gari lilale lojingi, wewe upande bajaji.

Kuna njia nyingine ambayo watu wa Nyanda za Juu Kusini hawajaizoea bado. Kama safari ni ya mtu mmoja au wawili na shughuli iko katikati ya jiji, liache gari Morogoro. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Nauli ya kawaida iliyoanza nayo ilikuwa shilingi 13,000, na safari haifiki saa mbili. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, na mji wenyewe una gesti za nyua kubwa kwa bei ambayo Dar imeshaisahau. Kata tiketi mapema, maana mwisho wa wiki na sikukuu viti huisha. Mkiwa wanne kwenye gari hesabu inageuka. Hapo mafuta ya kilomita 190 za kwenda na 190 za kurudi mkigawana yanaweza kuwa afadhali kuliko tiketi nne za kwenda na nne za kurudi.

Hosteli za makanisa usizisahau hata kama hujawahi kuingia kanisani. Msimbazi Centre, pale Ilala, imejengwa kwenye kiwanja cha enzi ambazo ardhi haikuwa dhahabu, na mjini sehemu za namna hiyo zimebaki chache. Hosteli nyingi za aina hii hazitaki pombe wala kelele, na utulivu huo ndio mlinzi bora wa gari. Lakini hujaa kukiwa na semina, kwa hiyo piga simu siku kadhaa kabla.

Sasa tuje kwenye ua wenyewe, maana geti kufungwa ni nusu ya kazi.

Mwaka fulani nililala lojingi moja upande wa Mbezi, jina nalihifadhi. Nilifika saa tisa mchana, ua ukiwa mtupu, nikachagua pazuri kabisa: mwisho, ukutani, kivulini. Nikajiona mjanja. Usiku magari yakaja moja moja, yakabanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja alfajiri natoka na begi langu, nakuta Toyota Noah imenifungia. Nikamwendea mlinzi.

"Shikamoo mzee. Mwenye Noah hii yuko chumba gani?"

"Marahaba mwanangu. Huyo hayupo. Keshaondoka kuwahi boti ya Unguja."

"Na ufunguo?"

"Kaenda nao. Kasema atarudi Jumapili."

Ilikuwa Ijumaa. Nilipanda basi kurudi nyumbani, nikaja kulichukua gari wiki iliyofuata, na lojingi ilinidai maegesho ya siku zote hizo. Tulivutana, tukakubaliana nusu.

Tangu hapo huuliza magari yanapangwaje, na nani anatoka kwanza. Huingia kinyumenyume, pua ikitazama geti. Huandika namba yangu ya simu kwenye karatasi na kuiweka kioo cha mbele. Ufunguo simwachii mtu, isipokuwa mapokezi wauandike kitabuni na niandike kilomita za kwenye dashibodi mbele yao. Lojingi inayolazimisha funguo ziachwe kwa mlinzi kwa sababu ua ni mdogo, mimi huitafutia mbadala. Gari lililosogezwa usiku linaweza kusogezwa mpaka dukani kununua sigara.

Na wewe unayetaka kwenda Zanzibar, usiwe mwenye Noah. Waeleze mapema kwamba gari litabaki siku tatu nawe hutakuwepo, wakuoneshe sehemu isiyozuia mtu, mpatane bei ya siku hizo kabla hujaondoka, na iandikwe. Kulala hapo usiku wa kwenda na usiku wa kurudi huwa kunalainisha mazungumzo. Piga picha gari pande zote nne mbele ya mlinzi, kwa heshima, bila kumfanya ajione mwizi. Usiache begi, koti wala chaja ya simu inayoonekana. Kama betri yako imezeeka, chomoa waya mmoja. Na uliza geti linafunguliwa saa ngapi: boti ya kwanza huondoka asubuhi mapema, na kuna sehemu mwenye funguo za geti huamka saa moja.

Mali inayopendwa zaidi na wezi wa Dar ni saiti mira, vile vioo vya pembeni, na swichi za madirisha. Wenyeji wengi huchora namba ya gari kwenye vioo hivyo ili visiuzike kirahisi. Ni kazi ndogo, fundi ataimaliza muda si mrefu, na ifanyike kabla ya safari. Ukifika, tazama kama taa inaangaza mahali gari lilipo au inaangaza jina la lojingi tu. Kibao kinachosema uongozi hautahusika na upotevu utakikuta karibu kila mahali. Usikichukulie kuwa mwisho wa mazungumzo. Kitu kikipotea, dai kiandikwe kwenye kitabu chao siku hiyohiyo, uende polisi upate namba ya taarifa, maana kampuni ya bima itaanzia hapo. Mlinzi mpe hela ya maji siku unayofika. Ukimpa siku ya kuondoka umemshukuru, lakini usiku alikuwa bado hakujui.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, bei rahisi ya bondeni si rahisi. Bonde la Msimbazi hufurika, Jangwani barabara hufungwa, na maji hayabishi hodi. Jangwani, Mkwajuni, Kigogo chini kule: usilaze gari, hata kama chumba kiko ghorofani na kimepakwa rangi mpya.

Malipo yafanye kwa lipa namba yenye jina la biashara, au mapokezi ukipewa risiti. Anayetaka utume kiasi cha kushikilia chumba kwenye namba yake binafsi, mwambie utalipa ukifika. Kwenye kitabu cha wageni utaulizwa jina, unakotoka, unakokwenda na, kwa mazoea ya tangu zamani, kabila. Namba ya gari mara nyingi haina safu yake. Iandike hata hivyo, pembeni, kwa herufi kubwa, na tarehe.

Siku ya kuondoka, kabla hujawasha gari, piga *152*00# ufuate maelekezo uone kama gari lina deni la maegesho. Yule mkusanyaji wa ushuru aliyepita mbele ya benki ulipoingia "dakika mbili tu" aliandika namba, na deni linakwenda na gari mpaka Songea. Lipa kwa kumbukumbu namba utakayopewa, usubiri ujumbe wa uthibitisho, kisha mwambie mzee afungue geti.