Sura, Mkono na Jina: Picha za Wanawake Wasanii kama Wasifu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili picha za kamera zinazopigwa kwa nia ya kuwatukuza wanawake wanaofanya kazi za sanaa. Hoja inayoyaongoza ni kwamba picha ya aina hiyo ni wasifu, na kwa hiyo inapaswa kupimwa kwa vipimo vile vile anavyovitumia mwanafunzi wa fasihi anapousoma wasifu ulioandikwa. Mifano imechukuliwa Unguja, Mombasa, Lamu na hata Nigeria, lakini mjadala unaanzia na utarudi Kanyangi, katika kaunti ya Kitui, si mbali na Mto Athi unaoitenga kaunti hiyo na Makueni.

Sababu ya kuandika ni kosa langu mwenyewe. Miaka michache kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili, nilikuwa miongoni mwa vijana wa Kanyangi waliotengeneza kalenda ya ukutani. Ukurasa wa Machi, mwezi wa Siku ya Wanawake Duniani, tuliupa picha ya wanawake watano waliokaa chini ya mti wakisuka viondo. Ilikuwa picha nzuri, nasi tulijivunia. Nilipompelekea mmoja wao nakala yake, aliitazama kwa muda, kisha akasema:

“Mwanangu, hebu nisomee hayo maandishi ya chini.”

“Yanasema, ‘Akina mama wa Kanyangi wakisuka viondo,’ mwaitu,” nilimjibu, nikimwita mama kwa Kikamba kama ilivyo desturi.

“Na huyu wa Januari?”

Ukurasa wa Januari ulikuwa na picha ya mgeni wa heshima aliyehudhuria mkutano wetu. Nilisoma jina lake lote pamoja na cheo.

“Yeye amesuka nini?” aliuliza.

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

2.0 Sifa, kusifu na wasifu

Lugha yenyewe inatupa pa kuanzia. Maneno sifa, kusifu na wasifu yana asili moja katika Kiarabu, nayo ni kueleza jinsi kitu au mtu alivyo. Katika Kiswahili, neno sifa limebeba maana mbili. Maana ya kwanza ni hali au tabia inayomtambulisha mtu. Maana ya pili ni maneno ya kumtukuza. Maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati. Anayesifu kwa haki hana budi kueleza kwanza. Anayesifu bila kueleza amepamba tu.

Kutokana na msingi huo tunaweza kupata vipimo vitatu vya picha inayodai kumtukuza msanii. Kwanza, je, picha inamtambulisha mhusika kwa jina? Pili, je, inaonyesha kazi yake kwa namna ambayo mtazamaji anajifunza jambo kuhusu kazi hiyo? Tatu, je, mhusika mwenyewe ana kauli yoyote katika picha hiyo, ama kwa maneno yaliyoandikwa chini yake, ama kwa namna alivyochagua kukaa, kuvaa na kutazama? Uzuri wa sura si kipimo cha nne. Unaweza kuwapo au usiwepo, na wasifu ukabaki wasifu.

3.0 Siti binti Saad, Bi Kidude na Ladi Kwali

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa jarida hili ni Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watu wa hali ya chini. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Kabla ya kuwa mwimbaji alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini akivinadi kwa sauti, na wengi husema hapo ndipo sauti yake ilipoanza kusikika. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950.

Mambo mawili katika maisha yake yanahusiana moja kwa moja na mada yetu. La kwanza ni jina. Kutoka Mtumwa hadi Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni safari ya kijamii iliyofupishwa katika neno moja, na picha yake isiyo na jina ingeipoteza safari hiyo yote. La pili ni sura. Wapinzani wake walimkejeli kwa kukosa uzuri wa uso, naye aliwajibu kwa wimbo uliotanguliza akili na utu mbele ya sura. Kwa hiyo atazamaye picha ya Siti kwa kutafuta uzuri peke yake anarudia kosa la waliomkejeli. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipolipa jarida lake jina la Sauti ya Siti, kilichagua sauti, wala si sura.

Bi Kidude, ambaye jina lake ni Fatuma binti Baraka, alifariki tarehe 17 Aprili 2013 baada ya kupigwa picha na watu wa mataifa mengi. Katika picha zake nyingi tunamwona na ngoma. Ngoma hiyo si pambo la mpiga picha. Bi Kidude alikuwa mwimbaji wa taarabu na vilevile mwalimu wa unyago, na ngoma ndiyo iliyounganisha kazi hizo mbili. Picha ya uso wake uliokunjamana, bila ngoma, humwambia mtazamaji kwamba huyu ni ajuza. Ikiwamo ngoma, humwambia kwamba huyu ni fundi.

Nje ya Afrika Mashariki tunaye Ladi Kwali, mfinyanzi wa Nigeria aliyefariki mwaka 1984. Tangu mwaka 2007 noti ya naira 20 imekuwa na picha yake akiwa na chungu chake. Mkenya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na sasa ni mfinyanzi anayejulikana duniani kote, alijifunza kwa Ladi Kwali alipokwenda Abuja katika miaka ya 1970. Tunaweza kuufuata uhusiano huo wa mwalimu na mwanafunzi kwa sababu majina yote mawili yalihifadhiwa. Jina ndilo linalogeuza ustadi wa mtu mmoja kuwa historia ya sanaa.

4.0 Picha isiyo na jina

Wanawake wa Ukambani hawakukosa kupigwa picha. Walichokosa ni kutajwa. Postikadi za enzi ya ukoloni ziliuza nyuso za wanawake kwa maelezo kama “mwanamke wa Kikamba”, yaani mfano wa kabila. Tabia hiyo haikuwa ya kamera peke yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimwajiri Joy Adamson kuchora watu wa makabila ya Kenya. Michoro hiyo ni hazina kubwa ya mavazi na mapambo. Hata hivyo, jina la mwanamke aliyechora linajulikana kote, ilhali wengi wa waliochorwa wanakumbukwa zaidi kwa kabila lao. Inafaa tukumbuke pia kwamba mapambo waliyovaa yalikuwa kazi ya sanaa ya mtu fulani.

Picha nyingine ni ya dola. Sheria ya kuwaandikisha watu nchini Kenya iliwahusu wanaume tu hadi mwaka 1978, ilipobadilishwa ili wanawake nao wapewe vitambulisho. Kwa wanawake wengi wa vijijini, nyanya yangu akiwa mmoja wao, picha rasmi ya kwanza maishani ilikuwa ya kitambulisho. Picha hii ina jina, na kwa kipimo chetu cha kwanza imefaulu. Lakini imekatwa mabegani. Mkono wa mwenye kitambulisho umo katika kadi kama alama ya kidole tu, ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye. Nyanya alisuka viondo tangu usichana wake. Alipofariki, tulikuza picha ya kitambulisho na kuiweka kwenye jalada la ratiba ya mazishi, kwa kuwa hatukuwa na nyingine. Waombolezaji walipewa sura na jina lake. Mikono iliyolipa karo zetu haikuwamo.

Studio za pwani zilifuata njia tofauti. N. V. Parekh huko Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, na Omar Said Bakor huko Lamu, kuanzia miaka ya 1960, waliwapa wateja nafasi ya kushiriki katika kutunga picha zao. Mteja alichagua vazi, mkao na vitu vya kupigwa navyo. Hapa kipimo cha tatu, cha kauli ya mhusika, kinatimizwa vizuri. Hata hivyo, picha ya studio kwa kawaida ilionyesha jinsi mtu alivyotaka kuonekana siku ya sherehe, na mara chache ilionyesha kazi yake ya kila siku. Picha tunayoitafuta inahitaji uhuru wa studio pamoja na vifaa vya kazi.

5.0 Mkono wa msusi

Tukirudi Kanyangi, ni muhimu kujiuliza mpiga picha anayetaka kumsifu msusi aonyeshe nini. Kiondo, kwa Kikamba kyondo, hakianzi pale kinapoonekana kuwa kiondo. Huanza katika nyuzi. Zamani zilitoka katika magome ya miti, ukiwamo mbuyu; baadaye mkonge ukashika nafasi kubwa, na leo nyuzi za sufu na za viwandani nazo hutumika. Nyuzi za mkonge hukwanguliwa, hukaushwa, kisha husokotwa kwa kiganja juu ya paja hadi ziwe kamba nyembamba yenye unene mmoja. Ndipo msusi huanzia kitako, akizungusha uzi kwa uzi, akiongeza nyuzi za kusimama kadiri kiondo kinavyopanuka, na kuhesabu kichwani mahali pa kila mstari wa rangi. Kazi hii huendelea kwa majuma, ikiingiliana na shamba, maji na jiko.

Picha yetu ya kalenda ilionyesha viondo vilivyokaribia kwisha, kwa sababu ndivyo vilivyopendeza. Hatukupiga paja lililokauka kwa kusokota, wala kitako cha kiondo ambapo msusi mwingine angetambua mara moja nani amekianza. Isitoshe, hatukumwuliza yeyote alifundishwa na nani. Kwa hiyo picha ilishindwa katika vipimo vyote vitatu, ingawa tuliipiga kwa mapenzi. Nia njema peke yake haijakuwa wasifu.

6.0 Somo: kuandika maelezo ya picha

Wanafunzi wa Kiswahili huenda wasiwe na kamera nzuri, lakini maneno ni kazi yetu. Maelezo ya picha ni utanzu mfupi unaostahili kufundishwa. Mpiga picha Thandiwe Muriu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1990, huziambatanisha picha zake za wanawake waliovaa vitenge na methali za Kiafrika, jambo linaloonyesha kwamba maneno machache yanaweza kuipa picha undani zaidi. Napendekeza maelezo ya picha ya msanii yajibu maswali haya:

(a) Mhusika anaitwa nani, na anapenda aitwe vipi?
(b) Anafanya nini hasa katika picha, kwa neno linalotumiwa na mafundi wenyewe?
(c) Alijifunza kwa nani, na amemfundisha nani?
(d) Yeye mwenyewe anasema nini kuhusu kazi yake?
(e) Nani amepiga picha, wapi na mwaka gani?

Sharti moja linatangulia yote: idhini. Kutaja jina ni heshima, lakini kulichapisha bila ruhusa ni kulichukua. Ndiyo maana majina ya wale wanawake watano hayamo katika makala haya. Nilipata ruhusa ya kuwapiga picha. Ya kuyachapisha majina yao sijawahi kuiomba, na safari ya kwenda kuiomba ni sehemu ya kazi iliyobaki.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba picha ya kumtukuza mwanamke msanii inahitaji jina, kazi na kauli yake, na kwamba kila moja ya picha tulizozijadili ilipungukiwa pale ilipokosa mojawapo. Napendekeza kwa chama chetu kwamba kila tawi lichague fani moja ya wanawake wa eneo lake, iwe ususi, ufinyanzi, upambaji hina au uimbaji, na kuandaa picha 10 zenye maelezo kamili ya Kiswahili. Nakala ya kwanza apewe mwenye picha kabla ya maktaba.

Kwa upande wa Kanyangi, wanne kati ya wale watano wangali wanasuka; wa tano macho yamemzuia. Yeye ndiye nitakayeanza naye.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha nafasi ya jina katika wasifu ulioandikwa na katika picha.
2. Je, picha ya msanii inayoonyesha mikono pekee inaweza kuwa wasifu? Toa sababu.
3. Tafuta picha moja ya mwanamke msanii wa eneo lako na uiandikie maelezo kwa kufuata sehemu ya 6.0.